Ghulamu Hampiti Bibi: Uongo Niliomfundisha Rafiki Yangu

Mkosa ni mimi. Nianze na hilo kabla sijajipamba, maana najijua: nikipewa nafasi ya kujieleza kidogo tu, maelezo yakiisha huwa mimi ndiye mwema na mwenzangu ndiye mbaya.

Msiniulize jina. Mtu niliyemkosea nitamwita Charo, na hilo si jina lake. Watu wa Mji wa Kale wakisoma huenda wakanitambua, kwa sababu si wengi waliotoka mitaa ile wakarudi na nilichorudi nacho. Basi na wanitambue.

Mimi nina diploma. Si cheti cha wiki mbili, ni diploma, ya uendeshaji wa michezo ya kasino. Niliisomea Afrika Kusini kwa nauli niliyoichuma mwenyewe nikiuza mashati Marikiti. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, hakuna harambee niliyofanyiwa. Baada ya hapo nilikaa miaka tisa kwenye meli za watalii nikigawa karata kwa watu ambao saa zao za mkononi zingenunua mtaa wetu. Niliporudi nilijenga ghorofa juu ya nyumba ya marehemu baba. Nilimwekea mamangu jokofu la milango miwili.

Siku moja katika siku zile za kwanza nilipita Ngome ya Yesu, na mmoja wa wanaoongoza watalii akanidhania mgeni. Akaanza kunieleza kwa Kiingereza habari za Wareno. Mimi, niliyezaliwa hatua mia mbili kutoka pale! Nilimwacha aeleze mpaka mwisho, nikamlipa, nikamshukuru kwa Kiingereza. Nilifurahi siku nzima. Mtu wa namna hiyo ndiye anayewaandikia.

Najua wapo watakaosema kamari ni haramu, na kwamba mwanzo wangu wote ulikuwa mbaya. Sibishi. Hilo nitamjibu Mola wangu. Lakini ninachoungama leo ni kitu kingine, na hata ningekuwa fundi wa saa au mwalimu wa chuoni ningeweza kukifanya vile vile.

Charo ni mtu wa Kaloleni aliyekulia Majengo. Amenizidi miaka miwili. Tangu utotoni alikuwa akija mtaani kwetu alasiri kucheza karata barazani, na katika miaka yote ile sikumbuki siku niliyomfunga. Kwetu mchezo ni wa watu wanne, wawili kwa wawili, na pointi sitini na moja ndio ushindi. Charo alikuwa akihesabu kichwani zake na za wapinzani, huku akipiga soga na kunywa kahawa. Karata zikibaki tatu mkononi mwako, alikuwa anakutajia unazo zipi.

Aliyefungwa alishuka barazani akakaa chini, kwenye ngazi ya mlango, mpaka mchezo mwingine uishe. Ujana wangu niliumalizia kwenye ngazi hiyo.

Niliporudi na diploma yangu, niliitangaza pale pale. Jirani yetu Badi aliweka kikombe chake chini.

"Diploma ya karata?" akauliza. "Kwani kuna skuli ya hiyo?"

Nikamwambia ipo, na ada yake akiisikia atazimia.

"Basi huyu Charo ni profesa," akasema, "na hajalipa hata thumuni."

Baraza nzima ikacheka. Charo naye alicheka, kisha akanipigapiga gotini akasema, "Mwacheni ndugu yangu, mwenzenu amesoma." Alisema kwa wema. Mimi nilisikia kama amenionea huruma, na kuonewa huruma na mtu wa Majengo mbele ya watu wa mtaani kwetu lilikuwa jambo ambalo sikurudi Mombasa kulitafuta.

Kasino moja hapa kisiwani, sitaitaja, ilinichukua kufundisha wagawaji wa meza mpya ya poka ya karata tatu. Asubuhi ya kwanza naingia na suti yangu, namkuta mtu amepinda mgongo anapiga deki. Alipoinua uso, ni Charo. Kumbe alikuwa mfagiaji pale kwa miaka kumi na mmoja na barazani hajapata kulitaja. Yeye na wenzake walikuwa wakifagia asubuhi, meza zikiwa zimefunikwa, na kutoka kabla ya mteja wa kwanza. Miaka yote hiyo hajawahi kuona mchezo hata mmoja ukichezwa.

Meneja alikuwa mama mmoja wa kutoka bara, mkali, tukimwita Madam. Alitaka wagawaji wanne. Watatu alishawapata, vijana wenye vyeti. Nafasi ya nne ilikuwa wazi. Na wiki ile ile wafagiaji wakaambiwa kwamba mwisho wa mwezi kazi yao itapewa kampuni ya nje, kila mtu ashike njia yake.

Charo alinijia nikinywa chai.

"Sabalkheri, maalim," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. "Nina mwezi mmoja. Nikikipata kiti kile nabaki. Nisipokipata natoka mlango ule na miaka arubaini na mitatu, sina cheti, na mgongo huu. Nifundishe."

Nilikwenda kwa Madam kumwombea. Msinisifu kwa hilo. Nilitaka aone kwamba hata watu wazima wananililia. Madam akasema sawa, akiweza mtihani wiki ya nne apewe, lakini asivuruge darasa la wenzake. Basi nikawa namfundisha peke yake asubuhi, akishamaliza deki.

Mchezo wenyewe si mgumu, na niwaeleze ili mnielewe. Kila mchezaji hupewa karata tatu, na mgawaji hujipa tatu. Wachezaji hawashindani wao kwa wao. Kila mmoja anashindana na mgawaji. Mchezaji akiziona zake ni dhaifu anazitupa na anapoteza alichoweka. Akiziona zinafaa anaongeza dau. Hapo mgawaji anafunua zake, na sheria inasema ni lazima awe na bibi, yule mwenye Q, au karata kubwa zaidi, au jozi, au kitu kikubwa kuliko jozi. Akiwa na bibi kwenda juu tunasema meza imefungua, na watu wanalinganishwa naye. Akiwa chini ya bibi meza haikufungua, na hapo mgawaji hana ruhusa ya kuchukua cha mtu. Hiyo ndiyo sheria inayoushikilia mchezo wote. Mgawaji asiyeijua ni kama muuza duka asiyejua mizani.

Wiki ya kwanza nilimfundisha mikono tu: kuchanga karata, kugawa, kukusanya, kupanga sarafu za plastiki mbele ya watu. Na tangu siku ya kwanza nilikuwa mbaya kwake. Nilimwambia mikono yake inanuka dawa ya choo, nikamtuma akanawe. Aliporudi nikainusa mbele ya wafagiaji wenzake, nikamtuma tena. Mara tatu! Nilikuwa nikimwita Bwana Fagio. Karata ikimponyoka nilimwambia, "Hapa si barazani, hapa hakuna kashata." Yeye alikuwa akicheka na kuiokota.

Lakini mikono ile, jamani. Siku ya nne karata zilikuwa zinamtii. Siku ya sita alikuwa anawagawia watu sita kwa pumzi moja, bila karata kuinua ncha, bila kuangalia chini. Mimi ilinichukua miezi mitano, na nina diploma.

Jumamosi ile Madam alipita akasimama nyuma yetu. Alitazama kwa muda, mkono kiunoni.

"Mwalimu," akaniambia, "huyu mikono yake imetulia kuliko yako. Na wewe ulisomea."

Akaenda zake. Nadhani alipofika mlangoni alikuwa amesahau. Mimi mpaka leo naweza kuwaambia alivaa viatu gani.

Jumatatu tukaanza sheria za nani mkubwa. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipofanya. Sisi Wapwani tuna mpangilio wetu wa karata, tuliorithi kwa wazee. Kwetu ree, ile yenye A, ndiyo kubwa kuliko zote, halafu saba, halafu mfalme, halafu ghulamu, yule mwenye J, na bibi anakuja nyuma ya ghulamu. Ndiyo maana barazani mfalme tunamwita mzungu wa nne, ghulamu mzungu wa tatu, na bibi mzungu wa pili, kwa pointi zao. Kwenye kasino sivyo. Kule saba ni saba tu, na bibi anampita ghulamu.

La saba nilimweleza sawa. Alishangaa, akasema, "Maskini saba, kumbe ng'ambo si mtu." Tukacheka wote wawili. Kisha akachukua bibi wa kopa na ghulamu wa shupaza, akawaweka ubavu kwa ubavu kwenye kitambaa cha kijani.

"Na hawa, maalim? Barazani wa tatu ampita wa pili. Hapa nani mkubwa?"

Lilikuwa swali zuri. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza swali zuri kama lile, kwa sababu wale vijana watatu hawakucheza baraza, walijifunza kwenye simu. Charo aliona shimo kabla hajalikanyaga, akaniuliza mimi mwenye taa.

Nikamwambia, "Hao ni kama barazani. Ghulamu ampita bibi."

Sikupanga. Wallahi sikulala nikilifikiria. Lilitoka tu, kwa sauti ile ile ninayofundishia. Akaitikia kwa kichwa akasema, "Haya, hilo afadhali, sihitaji kulisahau," akaendelea kuchanga.

Ningeweza kumrudi pale pale. Mwalimu anakosea, anasema, "Ngoja, nimekosea," dunia haianguki. Nilikuwa na asubuhi kumi na nne baada ya ile. Kila asubuhi alifungua meza kwa ghulamu, akaniangalia, na mimi nikaitikia kwa kichwa. Nilihakikisha hafanyi mazoezi na wale vijana. Walipotaka kumjaribu niliwaambia anajifunza polepole, watamchanganya. Siku moja alinishukuru kwa hilo.

Nilijiambia ni mzaha. Atakosea mtihani, tutacheka, nitamrekebisha, naye atajua kwamba karata zina wenyewe. Lakini nilijua Madam hampi mtu mtihani mara mbili. Nilijua na mwisho wa mwezi ulikuwa lini.

Mtihani ulikuwa Alhamisi baada ya adhuhuri. Charo alikuja amevaa shati jeupe jipya, mikunjo ya dukani bado inaonekana kifuani. Madam na wale vijana watatu walikaa kama wachezaji. Mimi nilisimama pembeni na karatasi ya alama. Wafagiaji wawili walijibanza mlangoni na ndoo zao kumtazama mwenzao.

Alianza vizuri mno. Mizunguko mitatu bila dosari. Madam aliangalia upande wangu, akainua nyusi kama mtu anayesema, kweli huyu umemwivisha. Na hapo, niwaambie ukweli wote, nilijisikia fahari. Kwa muda wa mzunguko mmoja nilisahau nilichofanya, nikawa mwalimu wake kweli.

Mzunguko wa nne alifunua zake: ghulamu, tisa, nne.

"Meza imefungua," akasema, sauti nzima, na akaanza kukusanya sarafu za Madam.

Madam akaweka kiganja juu ya sarafu zake.

"Imefungua na nini?"

"Na ghulamu, Madam."

"Sheria inasema nini?"

"Bibi kwenda juu."

"Na ghulamu yuko juu ya bibi?"

"Ndiyo, Madam," akasema Charo, na akatabasamu kidogo, kama mtu anayejua amewekewa mtego na ameuruka. "Ampita."

Kijana mmoja alianza kucheka, wa pili akafuata. Yule wa tatu alilala juu ya meza kwa kicheko. "Huyu ametuletea karata za kwa bibi yake," akasema. Hata Madam alicheka, na Madam alikuwa hacheki. Charo aliwatazama mmoja mmoja akitabasamu bado, kwa sababu hakuwa amefahamu kinachochekwa. Kisha Madam akamuuliza nani alimfundisha hivyo.

Charo akanigeukia mimi.

Hakunishtaki. Alinitazama kama unavyomtazama mwenzako aliye na ufunguo mlango ukigoma, kwamba haya, fungua. Mdomo wangu ulikuwa umbali wa hatua nne kutoka kwake.

Nikasema, "Nimemwambia mara kumi, Madam. Karata za baraza zimemganda kichwani. Kichwa chake hakishiki kipya."

Na nikacheka. Ole wangu! Nilicheka mimi wa mwisho, na nilicheka kwa muda mrefu kuliko wote.

Niliona uso wake ukibadilika, lakini haukubadilika kwa hasira. Alitazama karata zile, akatazama mikono yake. Niliona anatafuta kichwani ile asubuhi ya Jumatatu, anaigeuza huku na huku. Kisha niliona anaiacha. Kati ya kumbukumbu yake na diploma yangu, alichagua diploma.

"Kweli," akamwambia Madam. "Maalim alinifundisha sawa. Ni mimi."

Akapanga karata, akazilaza mahali pake bila ncha kuinuka, akatoka. Wale wafagiaji mlangoni walivuta ndoo zao wakampisha.

Kesho yake, Ijumaa, baada ya swala, nilisikia hodi nyumbani. Charo alikuwa mlangoni na kapu la nazi kumi kutoka kwao Kaloleni. Alikataa kuketi.

"Nimekuja kutaka radhi, maalim. Ulinipigania kwa Madam na mimi nimekuaibisha mbele ya wanafunzi wako. Nimelala nikiwaza. Wajua hata sasa nasikia kama uliniambia ampita? Hivyo ndivyo kichwa changu kilivyo kibovu. Kimejitungia sauti yako."

Enyi mnaosoma, kama kuna mlango uliowahi kufunguliwa mtu atubu, ni ule. Nimefunguliwa na yule yule niliyemdhulumu, na kapu mkononi. Nikasema nini? Nikasema, "Usijali, nimekusamehe."

Nimekusamehe! Nikapokea kapu. Mamangu akazikuna, akatupikia wali, akasema nazi za Kaloleni zina tui zito, siku nyingi hajapata kama hizo. Nikala sahani mbili.

Mwisho wa mwezi wafagiaji wakatoka. Charo akapata kazi ya ukuli, kushusha magunia kwenye malori upande wa Kibarani. Mimi Madam aliniongezea mkataba, kwa sababu wale vijana watatu walifaulu. Kiti cha nne kilikaa wazi. Mara moja Madam alinisimamisha akasema ni bahati mbaya ya yule mfagiaji, mikono kama ile hajaiona tena. Nikajibu ni bahati mbaya kweli.

Mngedhani mambo yaliishia hapo, mtu kakosa kazi moja akapata nyingine. Nami nilidhani hivyo.

Miezi miwili baadaye Charo alikuja barazani, na Badi akamwita acheze. Akakataa. Badi akadhani anaringa, akamsukumia karata. Charo akazishika, akacheza, na katikati ya mchezo akageuka kumuuliza kijana wa kando: "Hebu nihesabie, tumefika ngapi?" Charo! Aliyekuwa akizihesabu zake na zetu huku anapiga soga. Watu walidhani ni utani. Akasema, "Kichwa changu siku hizi hakishiki." Maneno yangu yale yale, ameyachukua na kuyavaa kama ni nguo yake. Wakafungwa, naye akashuka kuketi kwenye ngazi bila kuambiwa.

Usiku huo sikula. Wiki ile niliacha kazi ya kasino. Kila mwanafunzi alipofungua mdomo kuniuliza swali nilikuwa natokwa na jasho. Siku hizi nauza vipuri vya friji, na diploma yangu haiulizwi na mtu.

Nikamfuata Kibarani. Nilimkuta wakati wa chakula cha mchana, amekaa juu ya magunia matupu, shingo imejaa vumbi la saruji. Nilimweleza yote tangu Madam aliponiambia lile neno mpaka kapu la nazi. Nilikuwa tayari anipige, na kuli mkono wake si mchezo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka polepole, akanipigapiga gotini.

"Maalim, una moyo. Umetoka mjini na viatu hivyo kuja kunifariji?"

Nikaapa. Akasema nisiape kwa ajili yake.

Nilirudi mara ya pili na pakiti ya karata. Nikaweka bibi na ghulamu juu ya gunia, nikamrudia swali lake mwenyewe neno kwa neno, na jibu langu neno kwa neno. Akazitazama karata zile kwa muda, nikadhani imeingia. Akasema, "Labda ulisema, lakini ulikuwa wanijaribu. Mwenye akili angejua anajaribiwa." Nikamwambia kuna kasino nyingine inatafuta wagawaji, nitamfundisha upya bure, nitakwenda mwenyewe kumshuhudia. Akatikisa kichwa. "Usijiaibishe tena kwa ajili yangu."

Uongo wangu aliuamini kwa sentensi moja. Ukweli nimemwapia, nimemletea na ushahidi, na hauingii.

Mara ya tatu nilikwenda kwao Majengo, Jumapili. Nilimkuta mkewe, Kadzo, anachambua mchicha kizingitini. Charo alikuwa bado kanisani na wazee wa kwaya. Nilikaa kwenye kiti kifupi nikamweleza yeye. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka tu mtu mmoja duniani anichukie, ili kitu hiki kiwe kimetokea kweli.

Hakunikatiza. Mikono yake haikuacha mchicha. Nilipomaliza akasema:

"Mimi nakuamini."

Nilishusha pumzi. Sikujua kwamba hajamaliza.

"Nilijua tangu siku ile. Nimelala na mtu huyo miaka ishirini, hajapata kusahau jambo aliloambiwa. Hata tukigombana ananirudishia maneno yangu ya mwaka wa harusi. Nikamwambia, rafiki yako amekuchezea. Akanikasirikia siku tatu." Akatupa jani bovu. "Sasa sikiliza. Usimwambie tena."

Nikamuuliza kwa nini. Nikamwambia nataka kumtengeneza.

"Utamtengeneza na nini? Leo ana kichwa kibovu na ana rafiki aliyesoma ambaye humtembelea. Hilo amelizoea, analala nalo. Ukimtia hii ya pili atakuwa na kichwa kizima, kiti cha kasino hana, na rafiki hana. Halafu usiku anainuka anakuja kwako na ndoana ya magunia. Mimi nitampelekea nani chakula jela? Wewe wataka kupumua. Nenda kapumulie kwako."

Nikainuka kwenye kile kiti niondoke.

"Na usiache kuja," akasema. "Ukiacha ataona umemdharau kwa ujinga wake. Utakuja Jumapili, utakula nilichopika, akikushukuru utaitika. Hiyo ndiyo adhabu yako, na mimi nitakuwa hapa nikikutazama ukiila."

Charo akaingia, akafurahi kuniona. Akamwambia mkewe aniongezee samaki, akamweleza jirani aliyepita kwamba huyu ni mwalimu wake, mtu wa diploma, na wala hakumtupa yeye Charo alipomwaibisha. Kadzo akaniongezea samaki. Akanitazama nikila mpaka mwiba wa mwisho.

Huu sasa ni mwezi wa saba tangu siku hiyo. Nimekwenda kila Jumapili.

Nimeandika hapa gazetini kwa sababu Charo hasomi magazeti, na kwa sababu Kadzo hakunikataza kuwaambia ninyi. Wewe unayefundisha mtu kitu chochote, iwe karata, cherehani au kuendesha gari: siku mwanafunzi atakapokupita, na atakupita, utaona uchungu kooni, na hakuna diploma inayotibu uchungu huo. Umeze. Ondoka chumbani kama ni lazima, kanywe maji. Lakini akikuuliza swali kwa sababu anakuamini, mjibu ukweli siku hiyo hiyo, maana ukweli wa kesho huenda ukamkuta ameshaacha kujiamini, na hutapata mtu wa kumkabidhi.